Mwongozo kamili: kuchagua kikombe kikubwa cha kauri kisichoishia kuwekewa kalamu

Nimesikia habari hii mara nyingi mno. Mtu kanunua kikombe kikubwa cha kauri, kizuri cha kutamanisha, kakitumia wiki mbili, kisha kikahamia mezani kikawa cha kuwekea kalamu. Ama kilikuwa kizito, ama kilichoma vidole, ama chai ilipoa kabla haijafika nusu.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga, na kwenye vikombe hapo ndipo tunapoponzwa. Tunakitazama kikiwa kitupu, kikavu na baridi juu ya rafu, ilhali kazi yake yote kitaifanya kikiwa kimejaa, kimelowa na kina moto. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja: kukijaribu kikombe katika hali kitakayotumika, na mkononi mwa yule atakayekitumia.

## Vitu utakavyohitaji

Ukienda dukani, beba:

- rula ndogo au futi ya kupimia
- chupa ya maji ya mililita 500, imejaa na imefungwa vizuri
- simu yenye tochi

Nyumbani uwe na:

- mizani ya jikoni inayosoma gramu
- jagi lenye alama za mililita
- birika, bilauri ya kioo na kitambaa cheupe
- kipande cha limau

Ukinunua kwa njia ya mtandao, mwombe muuzaji mambo manne kabla ya kulipa: ujazo wa kikombe, uzito wake kikiwa kitupu, upana wa mdomo, na picha ya kitako. Uzito ndio wasiopenda kuutaja. Muuzaji anayeshindwa kukiweka kikombe juu ya mizani, mwache.

## Hatua ya 1: Jua unakunywa kiasi gani

Anza nyumbani. Chukua kikombe unachotumia sasa, kijaze maji hadi pale unapojaza chai siku zote, kisha yamimine kwenye jagi la kupimia. Kama una mazoea ya kuongeza kikombe cha pili, pima na hicho. Andika jumla.

Vikombe vingi vya kawaida vyenye kishikio hubeba mililita 300 hadi 350. Kuanzia 450 hivi ndipo tunaanza kusema kikombe kikubwa, na 600 ni kikubwa kwelikweli. Watu wengi wanaodhani wanahitaji cha 600, wakishapima hugundua kwamba 400 zinawatosha.

Sababu ya kupima ni kwamba namba anayotaja muuzaji mara nyingi huhesabiwa hadi ukingoni kabisa, na hakuna anayekunywa chai iliyofika ukingoni. Unaacha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi. Kwenye kikombe chenye upana wa ndani wa sentimita 8.5, nafasi hiyo peke yake ni kama mililita 85. Kwa hiyo kikombe kilichoandikwa 500 kitakupa karibu 415 za kunywa.

Kama ujazo haukuandikwa, tumia rula. Pima upana wa ndani, ugawe kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa kina. Upana wa sentimita 8.5 na kina cha 10 vinakupa mililita 567 hadi ukingoni, au 480 za kunywa. Hesabu hii ni ya kikombe kilichonyooka. Chenye tumbo kitabeba zaidi, kilichochongoka kuelekea chini kitabeba pungufu.

Umefaulu ukiwa na: namba moja kwenye karatasi, ya mililita unazokunywa kweli.

## Hatua ya 2: Pima uzito kikiwa kimejaa

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea shangazi yangu kikombe cha bluu, kinene, cha mililita 600. Alikifurahia sana. Akakijaza chai, akapitisha vidole viwili kwenye kishikio, cha tatu hakikuingia, akakiinua. Nikaona kidole gumba kinatetemeka. Kikombe kikainama kwa mbele, chai ikafika ukingoni. Akakirudisha mezani polepole, akajaribu kukikumbatia kwa viganja viwili, akakiachia kwa sababu kilikuwa kinaunguza. Hakusema neno. Kesho yake nilimkuta anakunywa kwenye kikombe chake cha zamani.

Nilipokuja kukipima, kilikuwa na gramu 620 kikiwa kitupu. Na chai ndani, kilipita kilo moja na gramu mia moja, uzito wote huo ukining'inia kwenye vidole viwili vya mama mwenye maumivu ya viungo. Kosa lilikuwa langu. Dukani nilikishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtungi, nikaridhika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, na chai au kahawa hazina tofauti ya kuhangaisha. Kanuni ninayoitumia tangu siku ile ni hii: kikombe kitupu kisizidi uzito wa kinywaji kitakachobeba. Kama unakunywa mililita 415, kikombe kisipite gramu 415. Na kwa matumizi ya kila siku, jumla ya kikombe na kinywaji ikifika kilo moja, kirudishe kwenye rafu.

Dukani huna mizani wala huwezi kumimina maji. Ndiyo maana ulibeba chupa. Isimamishe ile chupa iliyojaa ndani ya kikombe, shika kishikio kama unavyoshika ukinywa, kisha inua kiasi cha upana wa kiganja tu juu ya meza. Hesabu polepole hadi kumi na tano.

Tahadhari: mkono wa pili ukae chini ya kikombe muda wote. Chupa ni ndefu na inaweza kukiyumbisha, na hutaki kulipia vigae vya kikombe usichokuwa umekipenda.

Angalia pia umbo. Vikombe viwili vyenye uzito sawa havichoshi sawa. Kilicho kipana huuweka uzito mbali na kiganja, kwa hiyo kifundo cha mkono hufanya kazi zaidi kukizuia kisiiname. Kirefu chembamba huuweka uzito karibu na vidole. Mtu mwenye mkono dhaifu atauhisi utofauti huo kabla hujamweleza.

Umefaulu kama: umefika kumi na tano bila kukaza kidole gumba na bila kutamani kusaidia kwa mkono wa pili.

## Hatua ya 3: Kagua kishikio

Kishikio cha kikombe kikubwa kinapaswa kupokea vidole vitatu kwa raha, au vinne kama kikombe kinazidi mililita 500. Kishikio cha kidole kimoja kinafaa kikombe kidogo cha kahawa. Kwenye kikombe cha nusu lita ni urembo tu.

Pitisha vidole, kisha tazama vifundo vyake. Je, vinagusa ukuta wa kikombe? Sasa hivi kikombe ni baridi na hutahisi kitu, lakini chai ikiingia, ukuta ule utakuwa na moto wa kuunguza na utakuwa unagusa palepale kila asubuhi. Kati ya ukuta na upande wa ndani wa kishikio pawe na angalau sentimita 2.5, na 3 ni bora. Pima kwa rula, usikadirie.

Halafu washa tochi na umulike pale kishikio kinapoungana na kikombe, juu na chini. Kwenye vikombe vingi kishikio hutengenezwa peke yake kisha hubandikwa kabla udongo haujakauka, kwa hiyo maungio hayo ndiyo sehemu dhaifu. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele. Ukiuona, hata kama umefunikwa na rangi, usikichukue. Kishikio kinachong'oka kikombe kikiwa kimejaa kinamwaga maji ya moto mapajani.

Umefaulu kama: vidole vimeenea, vifundo haviugusi ukuta, na maungio ni safi pande zote.

## Hatua ya 4: Tambua aina ya udongo

Neno kauri linabeba familia kubwa. Kinachozitofautisha ni udongo uliotumika na ukali wa moto wa tanuri, na ndicho kinachoamua kama kikombe kitanyonya maji.

Udongo wa kawaida wa mfinyanzi huchomwa kwenye nyuzijoto kama 1,000 hadi 1,150 za Selsiasi. Ndani yake hubaki vitundu vidogo vinavyonyonya maji, na humeguka kwa urahisi. Rangi zake hupendeza sana, na bei mara nyingi ni nafuu.

Kauri ngumu ya mawe huchomwa kati ya nyuzijoto 1,200 na 1,300. Udongo hushikana ukawa kama jiwe, na hunyonya maji kidogo mno. Ni nene kidogo, na huvumilia kugongwagongwa. Kwa kikombe kikubwa cha kila siku, mimi huanzia hapa.

Poseleni huchomwa hadi nyuzijoto 1,400 hivi na hainyonyi maji karibu kabisa. Inaweza kuwa nyembamba na bado ikawa imara, kwa hiyo ndiyo kimbilio la anayetaka ujazo mkubwa bila uzito. Iko pia inayochanganywa na majivu ya mifupa, ambayo ni nyeupe na nyepesi zaidi. Mnunuzi asiyetumia mazao ya wanyama ataishukuru taarifa hiyo mapema.

Utazitambuaje? Geuza kikombe. Kwenye kitako kuna duara ambalo kwa kawaida halikupakwa kitu, na hapo udongo uko wazi. Lowesha kidole na uliguse. Unyevu ukizama haraka na kuacha doa jeusi, udongo unanyonya. Ukibaki juu ukitelezateleza, umeshikana vizuri. Kisha ingiza tochi ndani ya kikombe: mwanga ukipenya ukutani, hiyo ni poseleni au ile ya majivu ya mifupa.

Mwisho kigonge. Kiweke juu ya kiganja kilichofunguka, na ukipige ukingo taratibu kwa kifundo cha kidole. Kizima kilichoiva hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti butu, iliyokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni. Udongo laini nao hulia butu kidogo bila kuwa na ufa, kwa hiyo gonga viwili vitatu vya aina moja ulinganishe. Ukivigonga viwili mfululizo, hutahitaji mtu wa kukueleza kipi ni kipi.

Umefaulu kama: kitako hakikunyonya, na sauti ni ile ile ya wenzake.

## Hatua ya 5: Chunguza glezi, hasa ndani

Glezi ni ule utando mlaini unaofanana na kioo, unaofunika udongo. Ndio unaogusana na kinywaji chako, kwa hiyo hapa hakuna kulegeza.

Mulika ndani na uangalie mambo matatu: vitundu kama vya sindano, sehemu ambazo glezi haikufika, na mtandao wa nyufa nyembamba kama nyuzi za buibui. Nyufa hizo hutokea pale glezi na udongo visipotanuka na kunywea kwa kiasi sawa. Wapo wanaozipenda kwa sura, na kwenye chombo cha maua sina neno. Kwenye kikombe cha chai, zinaingiza rangi ya chai na uchafu mahali ambapo sifongo haifiki.

Sasa jambo zito. Baadhi ya glezi na rangi za mapambo huwa na madini ya risasi, na nyekundu, chungwa na njano kali zinaweza kuwa na kadimiamu, madini mengine yenye sumu. Glezi isiyoiva vizuri huyaachia madini hayo kwenye kinywaji, na kasi huongezeka kinywaji kikiwa kichachu, kikiwa cha moto, au kikikaa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa (FDA) imeweka mpaka wa mikrogramu 0.5 za risasi kwa mililita kwa vikombe. Maabara hujaza asidi ya siki ya asilimia 4, ikakaa saa 24, kisha hupima kilichoachiwa. Vipo pia vipimo vya ukingo wa nje, zile milimita 20 za juu zinazoguswa na midomo.

Wewe huna maabara, kwa hiyo fuata haya:

- Chagua kikombe ambacho ndani yake ni rangi moja tulivu, bila michoro.
- Michoro ya nje iishie chini ya zile milimita 20 za ukingo.
- Tafuta kwenye kitako alama ya bilauri na uma, inayomaanisha chombo kimekusudiwa kugusana na chakula.
- Kikombe cha zamani au kisichojulikana kilikotoka, hasa cha rangi kali, kiwe cha pambo.

Nyumbani, weka kipande cha limau juu ya sehemu ya ndani yenye glezi, ukiache usiku kucha, kisha suuza na ufute kwa kitambaa cheupe. Pale kilipokaa pakipauka, pakikwaruza, au kitambaa kikishika rangi, glezi si imara na kikombe hicho usikinywee.

Tahadhari: limau linakamata glezi mbaya, halithibitishi kwamba hakuna risasi. Kikombe kinaweza kulipita jaribio hili na bado kikawa na madini. Ndiyo maana lile suala la alama na la ndani kuwa na rangi moja linatangulia.

Kama unatumia maikrowevu, epuka mstari wowote wa dhahabu au fedha. Ni metali, na itatoa cheche.

## Hatua ya 6: Mdomo, kitako na njia ya sifongo

Haya ni ya haraka. Pitisha kidole ukingoni mzunguko mzima: pawe laini, bila pengo wala sehemu kavu. Mdomo mnene sana hudondosha chai kidevuni. Mwembamba kiasi huukata mkondo vizuri.

Sugua kitako kwenye kiganja. Kikikwaruza ngozi, kitakwaruza na meza, ingawa karatasi ya msasa laini iliyoloweshwa inaweza kukisawazisha. Kiweke juu ya meza na ubonyeze ukingo kila upande. Kisicheze.

Ingiza mkono ndani. Usipofika chini, sifongo nayo itafika kwa shida, na kikombe kikubwa kisichooshwa vizuri kinakuwa na harufu ndani ya wiki. Hapa kuna mvutano wa kweli, kwa sababu mdomo mpana ni rahisi kuosha lakini hupoza chai haraka, kwa kuwa mvuke mwingi hutokea juu. Upana wa sentimita 8 hadi 9 huwa unawaridhisha wengi. Anayekunywa polepole sana atafute chenye kifuniko.

## Hatua ya 7: Jaribio la siku ya kwanza nyumbani

Tunza risiti hadi umalize hatua hii.

1. Kioshe, kisha kisuuze kwa maji ya uvuguvugu. Kauri baridi ikipokea maji yanayochemka ghafla, upande wa ndani hutanuka kabla ya nje, na hapo ndipo hupasuka. Maji ya uvuguvugu hupunguza mshtuko huo, tena chai itakaa na moto zaidi kwa kuwa kuta hazitaunyonya wote.
2. Mimina maji ya moto hadi kiwango chako, weka kikombe juu ya kitambaa cheupe kilicho kikavu, subiri dakika kumi. Kinyanyue. Duara la unyevu kwenye kitambaa linamaanisha kinavuja kupitia udongo. Kirudishe dukani.
3. Maji yakiwa bado na moto, kishike kwa kishikio na uhesabu hadi thelathini. Hili ndilo jaribio ambalo duka halikukuruhusu.
4. Kama una maikrowevu: weka kikombe kikiwa kitupu na kikavu, kando yake bilauri ya kioo yenye maji, washa kwa dakika moja. Maji yapate moto, kikombe kibaki baridi au vuguvugu. Kikiwa cha moto kuliko maji, usikitumie humo tena. Usiiwashe bila ile bilauri ya maji, kwa sababu mashine isiyo na kitu cha kupasha inaweza kuharibika.

Ukitaka uhakika zaidi wa udongo, pima kikombe kikavu kwenye mizani, kizamishe majini usiku kucha, kikaushe kwa kitambaa, pima tena. Kikombe cha gramu 400 kilichoongezeka gramu 4 kimenyonya asilimia 1, nacho kiko salama. Kikiongezeka zaidi ya gramu 12, kisiloweshwe kwa muda mrefu na kikae mbali na maikrowevu.

## Hatua ya 8: Kama ni zawadi

Kila kipimo ulichokifanya kwa mkono wako sasa kifanye kwa mkono wa mwingine. Chungulia kabatini kwake: kikombe anachokichukua kwanza kila siku kina ukubwa gani, vidole vyake vinaingia vingapi, ana tabia ya kukikumbatia au kukining'iniza? Mpe kinachofanana na hicho, kikiwa kikubwa kwa theluthi moja, si mara mbili.

Kama anatumia mkono wa kushoto, geuza kikombe uone mchoro uko wapi. Vikombe vingi vyenye picha upande mmoja tu hutengenezwa kwa anayeshika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ataona ukuta mtupu miaka yote. Tafuta chenye picha pande zote mbili.

Kama umeagiza jina au picha ichapwe, pitisha kidole juu yake. Ukihisi imeinuka, imekaa juu ya glezi na itafifia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, kwa hiyo mwandikie kwenye kadi akioshe kwa mkono. Iliyo chini ya glezi hutaihisi kabisa, na hiyo hudumu.

Kabla ya kufunga, fanya hatua ya 7 yote, kisha kikaushe siku nzima. Wako wanaoona si vizuri kumpa mtu kikombe kilichokwisha kutiwa maji. Mimi naona ni vibaya zaidi kumpa kinachovuja.

Jaza karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya kikombe hadi juu. Jaza na pengo la kishikio, kwa sababu huko ndiko huvunjikia safarini. Kizungushie kitambaa au karatasi nene mara tatu, kiweke katikati ya sanduku pana kuliko kikombe kwa vidole vinne kila upande, na uzibe nafasi zote. Funga, lisogeze sanduku karibu na sikio, litikise. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uongeze karatasi.